Mrija wa Kalista

Nyakahura, Biharamulo
4 Machi 1962

Mwanangu Frednand,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kama barua yako haijafika. Goti langu la kushoto halijambo, la kulia linanung'unika kama kawaida yake mvua zikikaribia. Baba yako Alfonce alikuja wiki iliyopita kutoka Bukiriro na mkungu wa ndizi na malalamiko. Ndizi tumezipika, malalamiko amerudi nayo. Ng'ombe wake amezaa ndama jike, naye amempa jina Marekani, ati kwa heshima ya masomo yako. Nimemwambia huyo ndama akija kukauka maziwa, aibu itakuwa yako.

Kilabu changu kinaendelea. Siku ya gulio watu wanajaa mpaka barabarani. Lakini sasa nina adui. Msukuma mmoja anayeitwa Shibuda amefungua kilabu ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na mlango wangu, tena amenunua redio! Watu wanakunywa pombe yake mbaya ili wasikilize watu wasiowajua wakizungumza mambo yasiyowahusu.

Heri moja nimepata: mfinyanzi. Anaitwa Kalista, amekuja na wakimbizi wa Rwanda. Ni Mtwa, wale ambao hata kwao Rwanda watu hawachangii nao chombo, kwa hiyo hakai ndani na wateja. Namtilia pombe yake kwenye kibuyu kikuukuu, anakunywa huko nje chini ya upenu, kama ilivyo desturi. Lakini mitungi yake, mwanangu! Ukiigonga inalia kama kengele ya misheni. Kasoro yake ni moja tu, midomo myembamba. Watu sita wakitumbukiza mirija yao katika mtungi mmoja, vichwa vinagongana kama mabeberu zizini. Nimemwambia mara tatu apanue mdomo. Anaitika, "Ndiyo, mama," kisha analeta mwembamba uleule. Mkaidi kweli kweli.

Wakimbizi wanapewa unga wa msaada kutoka huko uliko. Kwenye mifuko kuna picha ya mikono miwili imeshikana. Mfuko mmoja nimeushona gauni la ndani, kitambaa kizuri. Niambie, hao watu wema unaishi nao vipi? Unakula wapi?

Shangazi yako,
Auleria

* * *

Maryland, Marekani
20 Mei 1962

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Barua yako nimeisoma mara nne, na mara ya tano nilimsomea rafiki yangu Wesley, ninayelala naye chumba kimoja. Ni Mmarekani mweusi, mtoto wa mkulima wa tumbaku, na anaimba kanisani mpaka madirisha yanatetemeka. Amecheka sana habari za ndama. Anauliza kama Marekani wa Bukiriro anapiga mateke, kwa kuwa huyu wa kwao anapiga.

Baridi imekwisha. Masomo ya kilimo ni mazuri, nimejifunza kupima udongo kwa dawa na kuuona ukibadilika rangi. Nikirudi nitapima shamba la Baba, aache kulaumu mbegu.

Uliuliza ninakula wapi. Ninakula, Shangazi. Usiwe na wasiwasi.

Wasalimie wote.
Mwanao, Frednand

* * *

Nyakahura
12 Agosti 1962

Frednand,

Marahaba. Nyumbani wazima. Salamu zimekwisha, sasa nijibu.

Juzi nilivuka barabara kwenda kwa Shibuda. Sikwenda kunywa, nilikwenda kukagua. Redio yake ilikuwa imekamata Warusi, nao walikuwa wakisema Kiswahili kizuri kuliko cha bwana shauri. Wakasema mwanafunzi wa kilimo kutoka Tanganyika amefukuzwa mkahawani huko Amerika, akanyimwa hata kikombe cha kahawa, kisa rangi ya ngozi yake. Kilabu kizima kikageuka kunitazama. Mayunga, yule mnunuzi wa ng'ombe ambaye hata mvua ikimnyeshea haachi mrija, aliacha mrija.

Wanafunzi wa kilimo kutoka Tanganyika wako wangapi huko? "Ninakula, Shangazi." Ala! Yaani Mrusi ajue kabla ya shangazi? Mimi niliyekubeba mgongoni kutoka Bukiriro mpaka hapa ukiwa na surua, leo habari zako nazipata kilabuni kwa adui yangu?

Nilitoka nalia. Nilimwambia Shibuda ni moshi wa jiko.

Andika. Andika yote.

Shangazi yako

* * *

Maryland
6 Novemba 1962

Shangazi yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Ni mimi.

Wiki mbili zilizopita watu huku walikuwa wakigombania vyakula madukani, wakisema Mrusi na Mmarekani watapigana na dunia itateketea. Haikuteketea. Nikaona kama nimebakizwa hai, basi niseme ukweli.

Ilikuwa mwezi wa nne, baridi haijaisha. Tuliingia mimi na Wesley kwenye mkahawa wa barabarani. Mama mmoja wa Kizungu mwenye aproni akasema ndani hawatuhudumii, twende dirisha la nyuma. Nilidhani anatania. Wesley alikwishageuka zamani, yeye dirisha hilo analijua tangu utotoni. Mwandishi wa gazeti akapata habari, Warusi wakazidaka, mengine umeyasikia kwa Shibuda.

Basi akaja bwana mmoja wa serikali kutoka Washington, kofia mkononi, akaniomba radhi. Akasema wazi: wao na Warusi wanashindania urafiki wa nchi changa kama yetu, na kila mgeni Mwafrika akifukuzwa hapa, Mrusi anashangilia. Alikwenda kuzungumza na mwenye mkahawa. Nikaambiwa nirudi, nikaribishwe, ila nivae kitu cha kuonyesha kwamba natoka Afrika. Shangazi, niliazima joho la Mnaijeria mmoja, refu, la kufagilia chini! Nilijikwaa mara mbili mlangoni, Wesley nyuma yangu.

Mama wa aproni aliniinamia. Kisha akamtazama Wesley. "Wewe nenda dirishani."

Nami nilikaa. Nilikunywa kahawa. Wesley alinisubiri nje kwenye baridi, ameshika kofia yangu. Hilo ndilo lililonifunga mkono. Kufukuzwa ningekuandikia, kukaa ndiko kulikonitia haya.

Na nilipokuwa pale na kikombe changu, niliyemkumbuka ni Kalista, yule mfinyanzi wako, chini ya upenu.

Mwanao mwenye aibu,
Frednand

* * *

Nyakahura
14 Aprili 1963, Pasaka

Frednand,

Bwana amefufuka, kwa hiyo nimeona nami nikuandikie. Katekista Kazimili, anayetuletea barua, aliniuliza kama nimeishiwa wino. Wino ninao. Hasira ndiyo ilikuwa haijaisha.

Wewe wa kunifananisha mimi na yule mama wa aproni! Mimi simfukuzi Kalista. Namlipa vizuri, mtoto wake akiumwa nampa uji. Habari ya kutochangia mtungi na Watwa mimi sikuianzisha, niliikuta. Hata hao wakimbizi wenzake, wanaopanga naye foleni moja ya unga na kulala naye chini ya nyasi zilezile, pombe ikija wanamwambia asogee. Nikimweka ndani mimi, wateja wote watavuka barabara. Nitakula nini? Radhi ya serikali yako?

Haya. Lakini ili usiseme shangazi yako ana moyo wa jiwe, nimefanya jambo. Nimemnunulia Kalista kigoda chake, nimekiweka ndani kabisa, pembeni. Nimempa kibuyu kipya kimezungushiwa shanga nyekundu, na mrija wake mwenyewe. Hakuna mwingine anayekigusa kibuyu hicho. Malkia gani anapewa heshima hiyo?

Alikigeuzageuza. Akaniuliza, "Mama, mtu mwingine anaweza kunywea hiki?" Nikamwambia, "Hata! Ni chako peke yako." Akasema asante, akanywa mafunda mawili, akakiacha. Pombe yenyewe ilikuwa tamu siku hiyo, sijui alikuwa na nini.

Marekani amekua, anapiga mateke kweli. Mwambie rafiki yako.

Auleria

* * *

Maryland
8 Septemba 1963

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kupata hasira zako, kimya chako ndicho kilikuwa kinaniua. Mwambie Baba sampuli ya udongo wake ilifika, posta ya huku walidhani ni sumu.

Nina habari kubwa. Mwezi uliopita mimi na Wesley tulikwenda Washington kwenye maandamano. Watu laki mbili na zaidi, Shangazi, weusi kwa weupe, wamevaa nguo za kanisani kwenye jua kali, wakidai haki. Tuliimba mpaka sauti zikatukauka. Mama mzee nisiyemjua alinilisha kuku kwa mkono wake akidhani mimi ni mjukuu wake, nami sikumsahihisha maana kuku alikuwa mtamu.

Nilimfundisha Wesley methali yetu, vita vya panzi furaha ya kunguru. Alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Anasema babu zake waliomba miaka mia kwa jina la Mungu, wakubwa hawakusikia, leo wanatega sikio kwa ajili ya jina la Mrusi! Si kwamba Mrusi anampenda Wesley. Na wanaotembea, wanaopigwa virungu na kufungwa ni watu wenyewe, hakuna redio inayoandamana kwa niaba yao. Ila mkubwa akishajua kwamba jirani anamchungulia, anaona haya kumpiga mtoto wake.

Sasa nikuambie habari ya ule mkahawa. Mwenyewe ameweka meza pembeni, kitambaa cheupe, maua, na kadi imeandikwa "Wageni kutoka Afrika". Haruhusiwi mwingine kukaa hapo. Anadhani ametuheshimu sana.

Shangazi, hiyo meza ni kibuyu chako cha shanga.

Mimi sikai tena pale. Nimeapa mambo mawili. Kahawa ya pale siinywi mpaka niinywe na Wesley, kaunta moja. Na pombe yako, ambayo naiota usiku, siinywi mpaka Kalista aweke mrija wake katika mtungi wa wote. Nikirudi nitakaa naye chini ya upenu.

Nakupenda, ndiyo maana nasema.
Frednand

* * *

Nyakahura
19 Januari 1964

Frednand,

Marahaba. Wakimbizi wengine wengi wameingia tangu Krismasi, wengine na majeraha. Tunapika uji kanisani kwa zamu.

Kalista ameacha kuniletea mitungi. Shibuda anayo mitatu mipya. Nimebaki na miwili, mmoja una ufa.

Sina zaidi.

Shangazi yako

* * *

Maryland
5 Julai 1964

Shangazi! Shangazi yangu!

Shikamoo shikamoo shikamoo! Sijui kama ungali unanisemesha lakini nikinyamaza nitapasuka.

Alhamisi imetiwa sahihi sheria. Mkahawa, hoteli, sinema, kote, ni marufuku kumzuia mtu kwa rangi yake. Jana nilimwambia Wesley avae tai. Joho la Mnaijeria nililiacha kabatini. Tulikaa kaunta, bega kwa bega, tukaagiza kahawa mbili. Mama wa aproni alimwaga kidogo, lakini alileta.

Wesley akanywa funda la kwanza. Akainamia kikombe. Nikadhani analia. Akanigeukia, akasema, "Frednand, hii kahawa ni mbaya sana."

Na kweli ni mbaya! Maji ya kuoshea sufuria! Mimi sikuwahi kuionja sawasawa siku ile, aibu ilinijaa mdomoni. Tulicheka mpaka machozi, watu wakatutazama, tukaagiza tena.

Kiapo kimoja nimekitimiza. Kilichobaki kiko mikononi mwako.

Mwanao,
Frednand

* * *

Nyakahura
5 Julai 1964

Mwanangu Frednand,

Marahaba, na kaa kitako.

Nilikuficha mambo. Tangu Januari nilikuwa nazama. Mtungi wa ufa ulipasuka wakati wa Kwaresima, nikabaki na mmoja. Wateja wakawa wanavuka barabara mmoja mmoja, na Mayunga naye, tena ananipungia mkono! Nikasikia Shibuda amemwambia Kalista, "Uniletee mitungi mimi peke yangu, nami siku ya Watakatifu Petro na Paulo nitakuweka kwenye mtungi wa wote." Nilikosa usingizi. Si kwa huruma, mwanangu, nikwambie kweli. Ni wivu. Nilisema Shibuda hawezi kunitangulia katika jambo lolote, hata jambo jema.

Asubuhi ya sikukuu nikafunga kanga, nikaenda kwa Kalista kwenye tanuri lake. Hakusimama. Akaendelea kukanda udongo.

"Shibuda ameniahidi mrija," akasema. "Wewe una nini, mama?"

"Mrija."

"Mtungi mmoja na watu?"

"Mmoja."

"Mbele ya gulio lote?"

Magoti yote mawili yaliniuma. Nikasema ndiyo.

"Basi nani ataonja kwanza?"

Unajua desturi yetu, mwenye pombe huonja kwanza ili watu wajue haina sumu. Nikamwambia, mimi, bila shaka. Kalista akafuta mikono. "Pombe ni yako, lakini mtungi ni wangu. Nitaonja mimi kwanza, kisha wewe palepale. Kibuyu cha shanga nilikushukuru, lakini nilikwenda kulia nacho nyumbani. Nimevuka mpaka kwa miguu, nimezika mume njiani, halafu nikanywe peke yangu kama mwenye ukoma?"

Frednand, nilimwambia tu, "Twende."

Kilabu kilijaa, maana habari zilitangulia. Hata Shibuda alikuja kusimama mlangoni, redio begani. Kalista akaingia amevaa gauni safi, akakaa kwenye benchi la katikati, akachomeka mrija. Watu wawili wakainuka wakatoka. Akafyonza taratibu, amefumba macho. Kisha akafumbua na kunitazama.

Sasa zamu yangu. Yesu na Maria! Miaka hamsini nimeambiwa ukichangia mtungi na Mtwa mdomo utaoza. Nikainama, mrija wangu ukagusana na wake mle ndani, nikavuta. Ilikuwa pombe. Pombe yangu ileile. Midomo yangu ninayo mpaka leo.

Nikamuuliza, "Unaionaje?"

Kalista akapangusa mdomo. "Chachu," akasema. "Miaka miwili nilidhani ya kibuyuni ndiyo makapi, kumbe hata ya mtungini chachu! Unaitoa mapema, mama. Iache siku moja zaidi."

Kilabu kilianguka kwa kicheko! Mayunga alicheka mpaka akadondoka kutoka kwenye benchi. Katekista Kazimili, ambaye kwa desturi hanywi, aliomba mrija. Wale wawili waliotoka, mmoja alikuwa hajafika hata barabarani, akarudi akisema alisahau kofia, na kofia alikuwa ameivaa. Wa pili hakurudi. Na aende. Shibuda akasema, "Auleria, umenishinda leo," akaingia, akawasha redio yake ndani ya kilabu changu. Tukacheza mpaka jua likazama.

Nimefanya kwa wivu, mwanangu, wala sijivuni. Lakini nilipomwona amekaa pale katikati, anagombana na Mayunga kwa sababu amemsukuma kiwiko, nilifurahi mpaka nikaona haya kwa miaka yote ile. Nimemwambia hivyo. Amesema atafikiri kama atanisamehe, na kwamba pombe niiache siku moja zaidi.

Nimeiacha. Ni tamu zaidi. Mshenzi!

Shangazi yako,
Auleria

* * *

Nyakahura
22 Novemba 1964

Mwanangu Frednand,

Marahaba. Barua zetu za Julai zilipishana njiani, Kazimili anasema huenda zilisalimiana angani. Ile ya kahawa nilimsomea Kalista, baada ya kumsomea ile ya zamani ya mkahawa, akacheka mpaka akashika mbavu. Anasema mwambieni Wesley pole, naye anaelewa.

Baba yako amesikia unakuja Januari na rafiki yako, amepaka chokaa nyumba yote pamoja na zizi. Marekani ana mimba na ametulia, hapigi mateke siku hizi, au anapiga mara moja moja.

Jana Kalista aliniletea mtungi mpya. Mwanangu, mdomo wake unaweza kuingiza kichwa cha ndama! Nikamuuliza, "Leo umejifunzia wapi kupanua mdomo?" Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto.

"Nilijua tangu zamani," akasema. "Wa kunywea watu wengine niliutengeneza mwembamba makusudi. Miaka yote mlipokuwa mnagongana vichwa humo ndani, mimi pale upenuni nilikuwa nahesabu. Siku moja mlifika mara kumi na tisa."

Nilicheka mpaka goti likanisamehe. Kisha akachukua mirija, akaichomeka mmoja mmoja kupima nafasi: wake, wangu, wa Mayunga, wa Shibuda, wa Kazimili, wa baba yako, wako. Ikabaki nafasi moja.

"Na huyo aliyesubiri nje kwenye baridi," akasema, akakata mwingine.

Njooni, pombe naitia ndizi wiki ya Krismasi. Nitaiacha siku moja zaidi.

Shangazi yako,
Auleria